Furaha kabla ya Krismasi kufika

Swali: Majilio ni kipindi cha kungoja. Mbona Dominika ya tatu tunaambiwa tufurahi, ilhali maisha ni magumu na Krismasi bado?

Jibu: Siku hiyo padre huweza kuvaa rangi ya waridi badala ya zambarau, na masomo ya Misa ya Mwaka A wa liturujia yanaonyesha ni furaha ya namna gani. Isaya anaona jangwa likichanua. Yakobo anamtaja mkulima anayengojea mvua. Kisha Mathayo anatupeleka gerezani, ambako Yohane Mbatizaji anatuma watu wamwulize Yesu kama kweli ndiye yule ajaye. Nabii mwenyewe ana shaka, tena katika Dominika ya furaha! Basi hatudaiwi kujilazimisha kucheka. Utasema, mwenye njaa au msiba afurahie nini? Hoja hiyo ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Lakini Yesu hakumkemea Yohane. Alimwelekeza kwenye yaliyokwisha kuanza, wagonjwa wakipona na maskini wakipata habari njema. Subira ya mkulima nayo si kukaa bure, maana amekwisha kupanda. Kwa hiyo jioni, kabla ya kusali, taja jema moja uliloliona mchana, hata likiwa dogo. Na penye uchungu, mwulize Mungu waziwazi.