Matusi kwa Simu na Ushahidi wa Mtoto

Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, umepakana na Nakonde ya Zambia, na mawimbi ya simu hayatambui mpaka. Mtoto wa Tunduma anayetumiwa matusi au vitisho aweza kuwa anaonewa na mwanafunzi mwenzake, ama na mtu aliye ng'ambo. Tarakimu za mwanzo za namba hutoa dalili: 255 ni Tanzania, 260 ni Zambia. Ni dalili tu, maana laini ya Zambia yaweza kutumiwa upande huu.

Mzazi agunduapo jambo hili, mara nyingi huufuta ujumbe kwa hasira, kisha humnyang'anya mtoto simu. Kwa kufanya hivyo hupoteza ushahidi, na mtoto huona kwamba amepewa adhabu kwa kusema kweli. Akionewa tena, atanyamaza.

Inafaa ujumbe upigwe picha ya skrini mapema, kwa kuwa katika WhatsApp mtumaji aweza kuufuta hata katika simu ya mpokeaji. Picha hiyo ionyeshe tarehe, saa na namba. Hapa ndipo wengi hukosea. Namba iliyohifadhiwa kwa jina huonekana kwa jina hilo tu, ambalo mwenye simu ndiye aliyeliandika. Hivyo halithibitishi lolote. Hapana budi kufungua maelezo ya mtumaji ili namba yenyewe ionekane. Baada ya hapo ndipo mtumaji azuiwe, bila kujibiwa.

Picha ya mtoto aliye uchi, hata hivyo, isinakiliwe wala isitumwe kwa yeyote, hata kwa mwalimu, kwani kuisambaza ni kosa. Simu yenyewe ipelekwe polisi.

Taarifa hupokelewa na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au afisa ustawi wa jamii. Mtoto mwenyewe aweza kupiga namba 116 bila malipo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 chakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini mwonevu akiwa naye ni mtoto, yaani hajatimiza miaka 18, kifungo hicho hakimhusu, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kwenda gerezani.