Udugu wa Lugha Hupimwaje?

Familia ya lugha ni nini?
Ni kundi la lugha zilizotokana na lugha moja ya kale. Wasemaji wake walipotawanyika, usemi wa kila kundi ulibadilika kivyake hadi wakawa hawaelewani tena. Lugha za Kibantu, zaidi ya 400, ni mfano mmoja. Wataalamu wengi huweka chimbuko lake maeneo ya mpaka wa Nigeria na Kamerun, miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita.

Maneno yakifanana, si ushahidi tosha?
La. Huenda yamefanana kwa sadfa, au upande mmoja umeazima. Kinachotafutwa ni utaratibu unaojirudia. Penye *p* ya Kiswahili, mara nyingi Kikuyu kina *h*: kupanda mbegu ni *kũhanda*, kupona ni *kũhona*, kupoa ni *kũhora*. Mifano ya namna hiyo ikiwa mingi, tena katika maneno ya kila siku, sadfa haiwezi kuieleza.

Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu. Mbona hakihesabiwi pamoja nacho?
Kwa sababu maneno huazimwa kwa wepesi kuliko sarufi. “Kitabu” limetoka Kiarabu, ambako wingi wake ni *kutub*. Lilipofika pwani yetu liliingizwa katika ngeli ya ki-/vi-, nasi tukasema “vitabu vizuri vimepotea”. Mpangilio huo wa ngeli ni wa Kibantu. Ndugu wa karibu wa Kiswahili ni Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Kundi lao huitwa Sabaki, kwa jina la mto wa Kenya.

Majirani huwa wa familia moja?
Si lazima. Kaskazini mwa Tanzania, Wairaqw husema lugha ya Kikushi, Wadatoga ya Kiniloti na Wambugwe ya Kibantu, na wote ni majirani. Umbali nao si hoja: Kimalagasi cha Madagaska hakimo katika familia yoyote ya bara la Afrika. Ni cha familia ya Kiaustronesia, na jamaa yake wa karibu, Kimaanyan, husemwa kisiwani Borneo.

Je, kuna lugha isiyo na ndugu?
Ipo. Kihadza, kinachosemwa kando ya Ziwa Eyasi, kina vidoko, zile sauti za ulimi kugonga kaakaa. Mwaka 1963 mwanaisimu Joseph Greenberg alikiweka katika kundi la Khoisan, pamoja na Kisandawe cha Dodoma na lugha za kusini mwa Afrika zenye vidoko. Lakini vidoko navyo huazimwa: Kizulu, lugha ya Kibantu, kilivipata kwa majirani zake. Baada ya msamiati na sarufi kuchunguzwa zaidi, wataalamu wengi leo wanakihesabu Kihadza kuwa lugha pweke.