Bangili ya Fedha na Mizani ya Maabara

Huku kwetu Ziwani bangili ya mama ni pambo, tena ni akiba ya siku ya ugonjwa. Yafaa basi tujue kuipima.

Muhuri wa 925 maana yake ni kwamba katika sehemu 1,000, sehemu 925 ni fedha tupu. Lakini muhuri waweza kugongwa hata juu ya shaba iliyopakwa fedha. Twaa mizani ya maabara. Pima bangili hewani, kisha ining'inize kwa uzi uipime ikiwa imezama majini, isiguse chombo. Ikiwa hewani ni gramu 21, bangili ya fedha itapungua gramu 2 hivi. Ya shaba ya manjano, karibu 2.5. Kwa dhahabu safi upungufu ni kama 1.1 tu. Bangili yenye uwazi ndani itakudanganya.

Kudumu ni jambo jingine. Dhahabu ya karati 24 ni laini, hupinda upesi. Ya karati 18, ambayo robo yake ni madini mengine, hustahimili zaidi. Mafundi wa kisiwa cha Ibo, kusini ya mto Ruvuma, wana sifa ya mapambo ya nyuzi nyembamba za fedha, zilizotokana na sarafu za kale. Kazi kama hiyo huachia kwenye viungo; tazama hapo kwanza, na kwenye kifungio. Weusi usikutishe: ni salfa ya hewani tu, nao hutoka kwa kusuguliwa.