Kichwa kinachouma kila siku: Je, nafsi nayo inaumwa?

Katika nyumba nyingi mtu akiumwa kichwa humeza Panadol mbili na kuendelea na shughuli zake. Kikirudi, humeza tena. Zikipita wiki kadhaa, jamaa huanza kunong'ona kuwa ni jini au husuda. Ni wachache wanaomuuliza mgonjwa: unalala? Una huzuni gani?

Maumivu ya kichwa ya mara kwa mara na maradhi ya nafsi, hasa sonona na wasiwasi uliopita kiasi, mara nyingi hufuatana. Mwenye kipandauso, kwa mfano, hupata sonona takriban mara 2 au zaidi kuliko asiye nacho.

Kwa nini hufuatana?

Kwanza, ubongo hutumia baadhi ya kemikali zilezile, kama serotonini, katika hisia na katika maumivu. Pili, mwenye wasiwasi hukaza misuli ya shingo na taya bila kujua, na kichwa kikambana kama aliyefungwa kitambaa. Tatu, usingizi ukikosekana, yote mawili huzidi. Naye anayeumwa kila mara hukosa raha na hujitenga na watu. Hivyo ugonjwa mmoja huuchochea mwingine.

Vidonge navyo vyaweza kudhuru. Mwenye maradhi haya akimeza Panadol siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe huweza kuleta maumivu.

Ufanye nini?

1. Andika siku unazoumwa, usingizi ulioupata na vidonge ulivyomeza.

2. Mweleze daktari yote, pamoja na huzuni iliyozidi wiki 2. Mwenye fikra za kutaka kufa asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

3. Usishangae ukiandikiwa amitriptilini. Ni dawa ya sonona, lakini kwa dozi ndogo hukinga pia maumivu ya kichwa.

Tahadhari: wahi hospitali ikiwa maumivu makali yameanza ghafla, kuna homa na shingo kukakamaa, kiungo kimelegea, au mgonjwa ni mjamzito anayeona ukungu.

Dua haimzuii mtu kwenda kutibiwa, wala sonona si dalili ya upungufu wa imani. Basi kabla hujampa mwenzio kidonge kingine, keti naye umsikilize.