DHAHABU BILA ZEBAKI

Somo letu la leo ni la sayansi, lakini tutalisoma kwa Kiswahili chetu wenyewe.

Hapa Isiolo, barabara ya Moyale inapita mbele ya macho yetu. Tangu dhahabu ianze kuvuma huko Dabel, katika Kaunti ya Marsabit, vijana wengi wamekimbilia machimboni. Mwezi wa Machi 2024 Serikali iliyafunga machimbo ya Hillo, Dabel, baada ya watu kuuawa katika mapigano. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, wachimbaji wengine walifukiwa na kifusi wakafa. Bunduki na kifusi kila mtu anaviogopa. Lakini katika kazi ya dhahabu kuna adui mwingine asiyeonekana wala kunuka, naye ni mvuke wa zebaki.

Chuma na dhahabu si sawa

Hebu chukua sumaku uipitishe kwenye mchanga mkavu wa laga. Chembe nyeusi zinazonata hapo ni madini ya chuma. Chuma hicho kimefungamana na oksijeni. Ndiyo maana wahunzi wa zamani walihitaji makaa mengi na mivukuto: hewa ya makaa yanayowaka ndiyo huivua oksijeni, chuma kikabaki.

Dhahabu haiko hivyo. Mara nyingi hukaa ndani ya jiwe ikiwa dhahabu tayari, haikufungamana na kitu. Imejificha tu. Basi kazi kubwa ni kusaga jiwe na kuitenga chembe na unga. Kumbuka jambo hili, kwani ndilo kiini cha somo letu.

Zebaki inafanya nini?

Huko Migori na Kakamega, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1930, wachimbaji wadogo wengi husaga mawe, kisha hutia zebaki. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu, likawa donge la rangi ya fedha. Donge hilo huwa karibu nusu kwa nusu, na huchomwa kwenye moto wa wazi. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 tu, ikapaa, dhahabu hubaki. Kwa hivyo, kila gramu moja ya dhahabu hupeleka hewani karibu gramu moja ya zebaki.

Anayeivuta mvuke huo ni nani? Ni mchomaji mwenyewe, na kama anachomea jikoni, ni mama na watoto pia. Mikono hutetemeka, akili husahau, figo huharibika, na mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi. Zebaki inayofika mtoni hugeuka sumu kali zaidi na kuingia katika samaki. Huko Minamata, Japani, watu waliokula samaki wenye sumu hiyo waligunduliwa kuwa wagonjwa mwaka 1956. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki ukapewa jina la mji huo, na Kenya iliuridhia mwaka 2023.

Je, kwa nini watu huitumia? Wacha tuseme kweli: ni ya haraka, na mtu mmoja anaweza kuifanya kazi peke yake. Lakini pia humpunja. Zebaki ikimwagwa katika unga wote wa mawe, mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Nyingine hubaki kwenye marudio, akaja kuifaidi mwingine.

Njia iliyo safi

Dhahabu ni nzito karibu mara saba kuliko jiwe jeupe la ukubwa ule ule. Basi uzito wenyewe ufanye kazi:

1. Saga jiwe vizuri mpaka chembe za dhahabu ziachane na jiwe.
2. Pitisha unga pamoja na maji kwenye mfereji wa mbao uliotandikwa zulia. Chembe nzito hunaswa, nyepesi huenda na maji.
3. Osha kilichonaswa kwenye karai, polepole, mara kadhaa.
4. Kikaushe, kisha toa mchanga mweusi kwa sumaku.
5. Changanya kilichobaki na boraksi, uyeyushe kwa makaa na kipulizio. Boraksi husaidia uchafu kuyeyuka upesi na kuelea juu. Dhahabu huzama chini ikawa tone moja.

Boraksi si kitu kigeni, masonara huitumia. Wachimbaji wadogo wa Benguet, Ufilipino, wameitumia njia hii kwa zaidi ya miaka 30. Ni kweli, inataka subira na uoshaji mzuri, na si kila jiwe linaifaa. Palipo lazima zebaki itumike, donge lichomwe ndani ya chombo kilichofunikwa chenye bomba, ili mvuke upoe na kurudi kuwa zebaki. Hata hivyo sumu ingali ipo.

Faida ibaki nyumbani

Majirani zetu Watanzania walifungua kiwanda cha kusafisha dhahabu Mwanza mwaka 2021, na Benki Kuu yao hununua dhahabu ndani ya nchi. Nasi Sheria ya Madini ya 2016 inampa mchimbaji mdogo nafasi ya kupata kibali. Lakini nchi itafaidi nini kwa dhahabu yake, ikiwa aliyeitoa ametetemeka mikono akiwa bado kijana?

Ndugu msomaji, ukiwa na kaka au mjomba machimboni, mweleze haya. Haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini chuma huhitaji makaa ili kipatikane, lakini dhahabu hutengwa kwa maji tu?
2. Mtu akipata gramu 20 za dhahabu kwa kuchoma donge, ni zebaki kiasi gani imepaa?
3. Sumaku hutoa nini katika hatua ya nne?