SOMO LA MWEZI: Fahamu Uwezo wa Soketi Kabla ya Kuchomeka Vifaa vya Jikoni



Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Umeme ni mojawapo ya nishati hizo, na baadhi ya kaya katika kata zetu zimeanza kuutumia kupikia. Hatua hiyo ni njema, kwani inawaepusha akina mama na watoto na moshi, na inapunguza ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa.

Hata hivyo, nyumba nyingi zilifungwa nyaya wakati mwenye nyumba akifikiria taa, televisheni na kuchaji simu. Birika moja la umeme la wati 2,000 huvuta umeme sawa na taa 200 za wati 10. Nyaya zisipoandaliwa kwa mzigo huo, hupata moto, na moto huo unaweza kuteketeza nyumba. Somo hili linaeleza hesabu fupi ambayo kila kaya inaweza kuifanya kabla ya kuchomeka kifaa.

Hatua ya kwanza: Soma bamba la kifaa

Kila kifaa cha umeme kina bamba dogo, ama nyuma au chini yake. Tafuta namba inayofuatwa na herufi W. Hiyo ni wati, yaani kiasi cha umeme ambacho kifaa huvuta kinapofanya kazi. Kwa kawaida birika huwa na wati 1,500 hadi 2,200, jiko la presha la umeme wati 1,000 hivi, na blenda wati 300 hadi 600. Friji ndogo ya nyumbani huwa na wati 100 hadi 150. Namba ya kutumia ni ile iliyoandikwa kwenye kifaa chako mwenyewe.

Hatua ya pili: Jumlisha, kisha gawanya

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Jumlisha wati za vifaa vyote vitakavyowaka kwa wakati mmoja, kisha gawanya kwa 230. Jibu ni ampea, yaani wingi wa umeme unaopita katika waya.

Plagi yenye miguu mitatu bapa ina fyuzi isiyozidi ampea 13, sawa na wati 2,990. Nyaya nyingi za kuongezea, maarufu kama ekstensheni, zina uwezo mdogo kuliko huo. Iliyoandikwa 10A, kwa mfano, mwisho wake ni wati 2,300.

Tuchukue mfano wa mama lishe aliyechomeka birika la wati 2,000, jiko la presha la wati 1,000 na friji ya wati 150 katika ekstensheni moja ya ampea 10. Jumla ni wati 3,150. Ukigawanya kwa 230 unapata ampea 13.7. Ekstensheni imezidiwa kwa zaidi ya theluthi moja, na hata uwezo wa plagi umevukwa. Matundu matano ya ekstensheni yalimfanya aamini kuwa anaweza kuchomeka vifaa vitano. Ekstensheni huongeza matundu, haiongezi uwezo wa soketi.

Kwa nini fyuzi haikati mara moja?

Wengi hudhani kwamba mzigo ukizidi, fyuzi itakatika papo hapo. Sivyo. Mzigo ukizidi kidogo, fyuzi inaweza kukaa muda mrefu bila kukatika, na wakati huo waya unaendelea kupata moto. Aidha, umeme unaopita katika waya ukiongezeka mara mbili, joto lake huongezeka mara nne. Ekstensheni iliyozungushwa kama bunda au kufunikwa na zulia ni hatari zaidi, kwa sababu joto halina pa kutokea.

Vifaa vyenye mota, kama friji na blenda, vinahitaji uangalifu wa ziada. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake kwa muda mfupi. Ndiyo maana taa hufifia friji inapoanza kunguruma. Acha nafasi katika hesabu yako kwa ajili ya mwanzo huo.

Hatari na gharama ni mambo mawili tofauti

Baadhi ya wananchi huogopa wati nyingi kwa kuhofia gharama ya LUKU. Uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Birika la wati 2,000 likichemsha maji kwa dakika 6 hutumia uniti 0.2 tu. Jiko la presha la wati 1,000 haliwezi kuzidi uniti moja kwa saa, na kwa kuwa hujizima lenyewe kila linapofikia joto linalotakiwa, mara nyingi hutumia pungufu ya hapo. Gharama hutokana na wati pamoja na muda. Hatari kwa waya hutokana na wati zinazowaka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kifaa kisichomaliza uniti bado kinaweza kuunguza soketi.

Mambo ya kuzingatia

1. Birika, jiko la umeme na pasi vichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, na visiwashwe kwa pamoja.

2. Kuhamia soketi nyingine hakupunguzi mzigo daima, kwani soketi kadhaa zinaweza kutumia waya mmoja na breka moja.

3. Breka ikijizima mara kwa mara, punguza vifaa. Usiweke breka kubwa zaidi, wala usifunge kipande cha waya badala ya fyuzi. Hivyo ndivyo vilinzi vya nyumba yako.

4. Plagi yenye joto kali, soketi iliyobadilika rangi au harufu ya plastiki inayoungua ni dalili za mzigo kuzidi. Zima swichi kuu na uite fundi.

5. Unapotaka kuongeza jiko la umeme, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA akague unene wa nyaya, breka na waya wa ethi. Mpangaji azungumze kwanza na mwenye nyumba.

6. Moto wa umeme ukitokea, usiumwagie maji. Kata umeme kwenye swichi kuu endapo ni salama kuifikia, watoe watu nje, kisha piga simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji bila malipo.

Tunawaomba wenyeviti wa mitaa na vijiji walisome somo hili katika mikutano ya wananchi. Nawe, ndugu msomaji, jioni ya leo geuza birika lako, soma bamba lake, kisha ufanye hesabu pamoja na watoto wako.