Kukagua Kura: Somo kutoka Sheria za Majimbo ya Marekani

Kila katibu wa chama cha ushirika anajua ya kuwa hesabu isiyokaguliwa haijawa hesabu kamili. Vitabu hupelekwa kwa mkaguzi si kwa sababu mtunza hazina amedhaniwa mwizi, bali kwa sababu wanachama wana haki ya kujua kwamba maandishi ya daftari yanalingana na fedha iliyomo sandukuni. Je, hesabu ya kura nayo haipaswi kukaguliwa? Katika vyama vingi swali hilo huulizwa baada ya ugomvi kuzuka, nao ugomvi wa kura huweza kukivunja chama ambacho hata ukame haukukivunja. Yafaa basi kutazama jinsi baadhi ya majimbo ya Marekani yalivyolijibu kwa sheria.

Asili ya sheria hizo

Nchini Marekani uchaguzi huendeshwa na majimbo, kila jimbo kwa sheria zake. California iliagiza tangu mwaka 1965 kwamba kura za asilimia 1 ya vituo zihesabiwe upya kwa mkono. Mwaka 2000 uchaguzi wa Rais uliamuliwa katika Florida kwa tofauti ya kura 537, baada ya ubishi mrefu juu ya kadi zilizotobolewa vibaya. Sehemu nyingi zikanunua mashine za elektroniki, na baadhi ya mashine hizo hazikuacha karatasi yoyote. Mashine ikikosea, hapakuwa na cha kurejea. Ni sawa na mizani ya ghala isiyotoa stakabadhi. Virginia iliziondoa mashine zake za namna hiyo mwaka 2017.

Colorado ilitunga sheria mwaka 2009 ya kukagua kura kwa njia iliyobuniwa na mtaalamu wa takwimu Philip Stark wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Novemba 2017 ikawa jimbo la kwanza kuitekeleza kote. Mwaka huohuo Rhode Island nayo ilipitisha sheria yake.

Namna ukaguzi unavyofanyika

(a) Karatasi zote za kura hutunzwa chini ya lakiri, na idadi iliyomo katika kila sanduku huandikwa kwenye orodha.

(b) Dadu zenye pande 10 hurushwa hadharani mpaka zipatikane tarakimu 20. Tarakimu hizo ndizo huongoza uchaguzi wa karatasi za kukaguliwa, ili ofisa asichague azipendazo.

(c) Karatasi zilizochaguliwa husomwa kwa macho na kulinganishwa na maandishi ya mashine.

(d) Zikilingana vya kutosha, ukaguzi hukoma. Zikitofautiana, karatasi zaidi hutolewa, hata ikibidi zote zihesabiwe kwa mkono.

Mwaka 2017 Colorado iliweka ukomo wa hatari wa asilimia 9. Maana yake, kama mshindi aliyetangazwa si wa kweli, uwezekano wa ukaguzi kupita bila kuligundua kosa hilo hauzidi 9 katika 100. Tofauti ya kura ikiwa kubwa, karatasi chache hutosha. Ikiwa ndogo, nyingi huhitajika.

Mnunuzi wa kahawa hafanyi vinginevyo. Hafungui kila gunia, bali huchoma machache. Lakini magunia hayo huyachagua yeye. Akikubali yale yaliyopangwa mbele na muuzaji, kazi yake ni bure.

Mfano wa Georgia

Georgia, iliyorudisha kura za karatasi kwa sheria ya mwaka 2019, ilikagua uchaguzi wa Rais wa mwaka 2020. Tofauti ilikuwa ndogo mno, hivyo kura zote, zipatazo milioni 5, zilihesabiwa kwa mkono. Yaligunduliwa maelfu ya kura ambazo maofisa wa sehemu chache walisahau kuziingiza. Mshindi hakubadilika, lakini kosa lilionekana na kurekebishwa. Ukaguzi haukuwaridhisha wote. Ila mwenye kubisha aliweza kuonyeshwa karatasi.

Ikumbukwe kwamba ukaguzi wa namna hii hauonyeshi kama kila mpiga kura alistahili kupiga kura. Hilo ni kazi ya daftari la wapiga kura, kama lilivyo daftari la wanachama kwetu.

Mafunzo kwa vyama

1. Kura za mkutano mkuu zipigwe kwa karatasi kila kanuni zinaporuhusu, na idadi ya karatasi zilizotolewa iandikwe kabla ya kuhesabu.

2. Karatasi zisichomwe usiku uleule. Zifungwe, zitiwe saini na mawakala wa wagombea wote, na zitunzwe mpaka muda wa malalamiko upite.

3. Wanaokagua wasiwe waliohesabu, wala wasiwe wagombea.

4. Utaratibu upitishwe kabla ya uchaguzi. Sheria inayotungwa baada ya matokeo hushukiwa na aliyeshindwa.

Maswali ya kujadili

Katika uchaguzi wa mwisho wa chama chenu, karatasi za kura zilitunzwa wapi? Ni nani alikuwa na ufunguo? Mwanachama mmoja akidai leo kuwa aliibiwa ushindi, katibu atamwonyesha nini?